Ugumu wa Kununua: Hoja Dhidi ya Gofu ya Jangwani

Kuna sifa moja ambayo nimeichoka. Hutolewa katika kurasa za michezo na katika matangazo ya hoteli za kitalii kila wanapotajwa wachezaji wa gofu waliokwenda kucheza jangwani. Huelezwa kwamba wamekwenda kupimana nguvu na jangwa. Kiwanja husifiwa kwa ugumu wake, mchezaji husifiwa kwa ujasiri wake, na jangwa lenyewe huonekana nyuma ya picha, milima mikavu ikipendeza juu ya nyasi mbichi. Mimi nasema sifa hiyo ni ya uongo. Anayecheza katika viwanja hivyo hakutani na jangwa hata kidogo. Jangwa liliondolewa kabla hajafika, na gharama ya kuliondoa wanailipa watu wengine. Ugumu anaojivunia ni ugumu aliounununua. Ugumu wenyewe wa jangwa ameuacha nje ya ua.

Huenda mwenzangu akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Kampala ana lipi la kusema juu ya mchezo wa matajiri katika majangwa ya mbali? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilipokuwa sekondari nilifanya kazi ya kedi wakati wa likizo, nikiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo katika kiwanja kimoja cha mji wetu. Gofu naijua kwa mabega. Najua banka ni lile shimo la mchanga lililochimbwa ili kuutega mpira, na grini ni ule uwanja mdogo wa nyasi fupi wenye kishimo na bendera. Huo mchezo siuchukii. Sababu ya pili ni neno changamoto, ambalo sisi wanafunzi wa lugha tumeliachia lifanye kazi chafu. Nitalirudia neno hilo baadaye. Kwanza tukitazame kiwanja.

Sichagui kiwanja dhaifu ili nikishinde kwa urahisi. Nachagua kile kinachosifiwa zaidi kwa ugumu. Katika mji wa La Quinta, kwenye Bonde la Coachella kusini mwa jimbo la California, kuna viwanja vya PGA West, na kimoja kati yake huitwa Stadium Course. Kilisanifiwa na Pete Dye, Mmarekani aliyejulikana kwa kuwatesa wachezaji, na kikafunguliwa mwaka 1986. Shimo la 16 lina banka yenye kina cha takriban mita sita, nayo imepewa jina la San Andreas, ule ufa mkubwa wa ardhi unaopita katika bonde hilo na kuleta matetemeko. Grini ya shimo la 17 ni kisiwa kilichozungukwa na maji na mawe. Kisiwa hicho kimeitwa Alcatraz, kwa jina la gereza la zamani la San Francisco. Mwaka 1987 mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa yalichezwa hapo, na wachezaji wakalalamika kiasi cha kuomba kiwanja kiondolewe katika ratiba. Kiliondolewa. Kilirudishwa katika mashindano hayo mwaka 2016.

Katika mashindano hayo ya mwaka 1987 alikuwamo Tip O'Neill, aliyekuwa ametoka tu kwenye kiti cha Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani. Mpira wake ulitumbukia katika ile banka ya mita sita. Akapiga, ukagoma kutoka. Akapiga tena na tena. Mwishowe akauokota kwa mkono na kuutupa juu, watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Kisa hiki hukumbukwa kama ushahidi wa ukali wa kiwanja. Mimi nakisoma kinyume. Kinaonyesha kwamba ugumu huu una mlango wa kutokea. Ukikushinda, unauokota mpira. Unacheka, unapanda kigari cha umeme, unakwenda shimo linalofuata ambako maji ya barafu yanakungoja. Ugumu wa jangwa hauna mlango wa namna hiyo kwa wanaoishi nao.

Jangwa ni nini, basi? Kwa maana yake ya kwanza kabisa, ni mahali pasipo na maji ya kutosha. Joto, mchanga na miiba ni matokeo ya upungufu huo. Palm Springs, mji unaojulikana zaidi wa bonde lile, hupata mvua isiyofika milimita 150 kwa mwaka wa kawaida. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000. Mwezi wa Julai joto la Palm Springs huvuka nyuzi 40 karibu kila siku. Mtu anayetaka kupimana nguvu na mahali hapo angepaswa kupimana na upungufu wa maji. Lakini hilo ndilo jambo pekee ambalo mgeni wa hoteli hatakiwi kulihisi. Katika bonde hilo vipo viwanja vya gofu zaidi ya 100, na karibu vyote ni vya kijani mwaka mzima.

Acheni tupige hesabu ndogo ambayo haihitaji mtaalamu. Maji ya kina cha milimita moja yakitandazwa juu ya hekta moja ni lita 10,000. Nyasi za kiwanja katika kiangazi cha bonde lile zinaweza kupoteza milimita sita kwa siku kupitia majani na udongo, na kiwanja cha mashimo 18 huweza kuwa na hekta 40 za nyasi. Zidisha: ni lita 2,400,000 kwa siku moja. Kwa jerikeni zetu za lita 20, ni jerikeni 120,000. Hiki ni kiwanja kimoja, na hizo jerikeni zinahitajika tena kesho asubuhi. Aliyewahi kubeba jerikeni mbili kupanda mlima Kampala siku ambayo bomba limekauka ataielewa hesabu hiyo upesi kuliko profesa wa haidrolojia.

Maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka chini ya ardhi, na yanatoka katika mto Colorado kupitia mfereji uliochimbwa karne iliyopita. Mto huo majimbo saba ya Marekani yaligawana maji yake kwa mkataba wa mwaka 1922, na Meksiko nayo ina fungu lake. Maji yaliyogawanywa katika makaratasi yamezidi maji yaliyomo mtoni. Kwa miongo mingi sasa, katika miaka ya kawaida, mto Colorado haufiki baharini, bali hukauka njiani. Ziwa Mead, bwawa kubwa linalohifadhi maji yake, lilishuka mwaka 2022 hadi kiwango cha chini kuliko chochote kilichoonekana tangu lilipojazwa katika miaka ya 1930. Huo ndio mto ambao sehemu ya maji yake inapelekwa kumwagilia nyasi ili mtu apate pa kupigia mpira.

Si kumwagilia nyasi peke yake. Kuna jambo ambalo mtu asiyejua gofu ataliona kama mzaha. Nyasi zinazovumilia joto la bonde hilo ni aina iitwayo bermuda. Baridi inapokuja, bermuda hulala. Haifi, hubadilika rangi tu ikawa ya kahawia, na juu yake mtu anaweza kucheza bila shida. Lakini watalii huja wakati huohuo wa baridi, maana hakuna anayekwenda likizo katika joto la nyuzi 45, nao wanataka kijani. Kwa hiyo kila mwaka, majira ya kiangazi yakikaribia kwisha, viwanja vingi hufungwa kwa wiki kadhaa. Bermuda hukatwa hadi kubaki kipara, mbegu za nyasi nyingine iitwayo rai hupandwa juu yake, na ardhi hulowanishwa mara kadhaa kwa siku mpaka zichipue. Yote hayo ni kwa ajili ya rangi. Nyasi zilikuwapo, zikiwa hai, zikifaa kuchezewa. Walichokikataa ni rangi ya jangwa.

Na sasa tazama maji yaliyoko ndani ya mchezo wenyewe. Gofu ilizaliwa kwenye pwani ya Uskoti, katika ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, mahali penye mvua na upepo, ambapo nyasi huota zenyewe na kondoo huzifupisha. Kiwanja cha kale cha St Andrews hakikujengwa kwa tingatinga. Watu walikikuta kilivyo, wakacheza humo. Ugumu wake ulikuwa ugumu wa mahali pale: upepo wa pale, vishimo vya pale, mvua ya pale. Katika sheria za mchezo mito na madimbwi yalikuwa vikwazo, kwa kuwa huko maji yapo tayari na hayana budi kuepukwa. Tangu mwaka 2019 sheria za gofu zinayaita mahali hapo maeneo ya adhabu, na zinaruhusu wasimamizi wa kiwanja kulitia jangwa nalo katika kundi hilohilo. Kwa maneno mengine, maji ni adhabu na jangwa ni adhabu. Uskoti jambo hilo lina mantiki. La Quinta linachekesha, kama si la kuliza. Watu wamechimba maziwa mahali ambapo mvua haifiki milimita 150, wakayajaza maji, wakayaacha yafukizwe na jua, ili yawaadhibu wanapokosea pigo. Kisiwa cha Alcatraz kinasifiwa kwa hatari ya maji yake. Katika jangwa hatari ni kuyakosa.

Waliokutana na ugumu wa kweli wa bonde hilo wanajulikana. Watu wa Cahuilla waliishi humo karne nyingi kabla ya fimbo ya kwanza ya gofu kuingia. Zamani mto Colorado ulikuwa ukibadili njia mara kwa mara na kulijaza bonde, likawa ziwa kubwa. Cahuilla wakavua samaki kwa mitego ya mawe waliyoijenga ufukoni. Mto ulipohama, ziwa likakauka, nao wakachimba visima vya kushuka kwa miguu hadi yalipo maji. Mitego ile ya mawe bado ipo kwenye miteremko ya milima, mbali na maji yoyote, na mstari wa maji ya kale bado unaonekana kwenye miamba. Mji mmoja wa hoteli na gofu katika bonde hilo unaitwa Indian Wells, yaani visima vya wenyeji hao. Jina la kisima limebaki kuuza vyumba vya hoteli.

Hapa sisi tunaosoma ngeli tuna neno la kuwakumbusha wenzetu. Katika Kiswahili gofu ya mchezo imeingia juzi, ikakuta tayari lipo gofu jingine: gofu la nyumba, magofu ya Kilwa, magofu ya Gede. Ngeli ndiyo inayotutofautishia. Gofu ya jangwani ni mchezo, na gofu la jangwani ni mabaki ya kitu kilichohamwa. Watafiti wa Gede, mji wa kale karibu na Malindi, wametaja kushuka kwa maji ya visima kuwa miongoni mwa sababu zinazoweza kueleza kwa nini watu waliuhama. Mitego ya mawe ya Cahuilla inasimulia habari ya aina hiyohiyo. Mji wowote, hata wenye matajiri, unasimama juu ya kiwango cha maji yake. Kiwanja kinachohitaji jerikeni 120,000 kila siku ya kiangazi kimetenganishwa na gofu la ngeli ya pili kwa mfereji mmoja tu.

Cahuilla hawajawa historia. Wapo. Mwaka 2013 jamii ya Agua Caliente ya Cahuilla ilizishtaki mamlaka mbili za maji za bonde hilo, ikidai haki yake juu ya maji ya chini ya ardhi na kulalamikia kupungua kwake pamoja na ubora wa maji ya Colorado yanayoingizwa humo. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba haki hiyo ipo, na Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuufungua upya uamuzi huo. Najua nitajibiwa kwamba jamii hiyohiyo inamiliki kiwanja cha gofu. Ni kweli. Lakini jibu hilo halipunguzi hata jerikeni moja katika hesabu. Linaonyesha tu kwamba katika bonde ambalo uchumi wake umejengwa juu ya nyasi, hata mwenye kisima hulazimika kuuza nyasi.

Wapo na wengine. Nyasi hazijikati zenyewe. Wanaozikata, wanaosafisha vyumba na wanaochuma tende na mboga za bonde hilo wengi wana asili ya Meksiko, na wengi wao huishi upande wa mashariki ambako hoteli ni chache. Mwaka 2019 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitoa amri ya dharura kuhusu eneo moja la nyumba za trela upande huo, kwa kuwa maji ya kisima chao yalikuwa na sumu ya arseniki kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wakazi wakapaswa kupelekewa maji mengine ya kunywa. Weka picha hizo mbili pamoja katika bonde moja. Magharibi kuna maziwa ya kuchezea, na mashariki kuna familia inayongoja maji ya chupa. Sisemi kwamba ziwa la kiwanja ndilo lililotia sumu kisimani. Arseniki hutoka katika miamba. Nasema kwamba bonde lililoweza kuleta mto mzima kupitia jangwa lilikuwa na uwezo wa kupeleka bomba kilomita chache zaidi, na kwamba liliamua kuanza na nyasi.

Nimeahidi kulirudia neno changamoto. Tazama linavyotumika. Katika tangazo la utalii, banka ya mita sita ni changamoto. Katika taarifa ya habari, kisima chenye arseniki nacho ni changamoto. Mtu aliyelipa ili ateseke saa nne na mtu anayeteseka bila kuulizwa wote wanakabiliwa na changamoto. Neno moja limefunika mchezo na dhuluma kwa blanketi lilelile. Nasi watafsiri, walimu na waandishi wa kesho tunalieneza bila kujiuliza. Walimu wetu hutukanya kwamba neno hilo limetumiwa hadi limechakaa. Mimi naongeza kwamba kuchakaa kwake si suala la mtindo tu. Linamsaidia mwenye nguvu. Ukiita shida changamoto, umemdokezea mwenye shida kwamba ni mchezo, na kwamba akishindwa ni kwa udhaifu wa mkono wake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanda hilo la usufi linabebwa na watu wetu pia, na hapa ndipo jangwa la mbali linapotukaribia. Vijana wengi wa Uganda na Kenya huenda nchi za Ghuba kulinda, kusafisha na kutunza bustani. Dubai ilifungua kiwanja chake cha Majlis mwaka 1988, kiwanja cha kwanza cha mashindano chenye nyasi tupu katika eneo hilo, na kwa muda mrefu nyasi za Ghuba zimeishi kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa nishati nyingi, na baadaye pia kwa maji taka yaliyosafishwa. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kazi za nje chini ya jua hupigwa marufuku saa za mchana kuanzia tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba. California nayo iliweka kanuni za kuwakinga wafanyakazi wa nje dhidi ya joto mwaka 2005. Sheria hizo ni ungamo la serikali zenyewe. Zinakiri kwamba jangwa linaua, na zinamtaja linayeweza kumuua: ni mfanyakazi. Mcheza gofu hakuhitaji sheria ya kumkinga, kwa sababu huja Januari.

Wanaotetea viwanja hivi wana hoja, na ni haki zijibiwe.

Wanasema gofu hutumia maji kidogo ukilinganisha na kilimo. Ni kweli kwamba kilimo ndicho kinachochukua sehemu kubwa zaidi ya maji ya Colorado, na kilimo nacho kina dhambi zake, hasa kinapomwagilia majani ya mifugo jangwani. Lakini bonde la Coachella pia ndilo linalozalisha sehemu kubwa ya tende za Marekani, na mtende ni mti uliozoea jangwa, wenye kurudisha chakula. Kosa la jirani halijawahi kumsafisha mtu. Anayekunywa kikombe kimoja cha maji ya yatima hawezi kujitetea kwa kumwonyesha aliyekunywa ndoo.

Wanasema viwanja vingine hutumia maji yaliyosafishwa upya. Vizuri, na afadhali hivyo kuliko maji ya kunywa. Lakini jangwani maji yaliyosafishwa si takataka. Las Vegas huyarudisha katika Ziwa Mead maji yaliyotumika majumbani baada ya kuyasafisha, na kwa kufanya hivyo hupata haki ya kuchota tena kiasi hichohicho. Mwaka 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria ya kuondoa nyasi za mapambo kando ya barabara na mbele ya majengo ya ofisi katika eneo hilo. Viwanja vya gofu havikuguswa na sheria hiyo. Maji yaliyomwagwa juu ya nyasi na kupanda angani hayarudi ziwani.

Wanasema gofu huleta ajira. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na mimi niliyebeba mifuko kwa ujira siwezi kuidharau. Lakini ajira inategemea wageni, na wageni hufuata jua la Januari, milima, na mchezo. Hakuna ushahidi wa kimaumbile kwamba mpira hukataa kuviringika juu ya nyasi za kahawia. Arizona imekuwa ikibana eneo la nyasi katika viwanja vipya kutokana na sheria yake ya maji ya chini ya ardhi ya mwaka 1980, na wasanifu wakajifunza kuweka nyasi pale tu mpira unapoanzia, unapotua na unapoingia shimoni, huku sehemu nyingine ikiachwa na mikaktasi yake. Wageni hawakuacha kwenda Scottsdale.

Mwishowe husema kwamba bila nyasi hakuna gofu. Huo ni uzushi ambao jangwa lenyewe limekwisha kuujibu. Kabla ya Majlis, wafanyakazi wa makampuni ya mafuta katika Ghuba walicheza juu ya mchanga mtupu. Huko Muscat, klabu ya Ghala ilicheza kwenye mchanga kwa miongo kadhaa kabla ya kupandwa nyasi. Badala ya grini walikuwa na viwanja vya mchanga uliochanganywa na mafuta na kushindiliwa, na kila mchezaji alitembea na kipande chake cha zulia la kuwekea mpira. Huko Coober Pedy, mji wa wachimba madini ya opali katika Australia Kusini, ambako watu wengi hujenga nyumba chini ya ardhi kukwepa joto, kiwanja cha gofu hakina nyasi mpaka leo, na wakati wa joto kali huchezwa usiku kwa mipira inayong'aa. Hao ndio ninaowavulia kofia. Mpira wao ukidunda juu ya jiwe, ni jiwe la pale. Wakichagua usiku, ni kwa sababu mchana umewashinda kwa haki. Wamecheza na jangwa, nalo limecheza nao. Tena wamekuwa waaminifu zaidi kwa St Andrews kuliko wasanifu wote wa visiwa, kwa kuwa wamefanya kile walichofanya Waskoti: wameikuta ardhi ilivyo, wakapiga mpira.

Kwa hiyo simwambii mtu aache gofu. Ninadai mambo matatu yaliyo wazi. Viwanja vya jangwani viache kupanda nyasi za pili kwa ajili ya rangi. Vipunguze nyasi hadi pale mpira unapozihitaji, na vifukie maziwa ya kuadhibu. Na pale ambapo mkazi wa bonde hana maji salama ya kunywa, bomba lake lije kabla ya bomba la kiwanja. Mchezaji atakayelalamika kwamba kiwanja kimekuwa kigumu mno au kimepoteza uzuri atakuwa amekiri mwenyewe kwamba hakuwahi kulitaka jangwa.

Nasi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Baadhi yetu tutatafsiri matangazo hayo, wengine tutaandika habari za michezo, na wengine tutaandika habari za vijana wetu walioko Ghuba. Banka ya mita sita tuiite mtego, au burudani, au ugumu wa kununua. Kisima chenye sumu tukiite shida, na mfanyakazi aliyeanguka juani tumwite aliyeonewa. Changamoto tuipumzishe. Lugha iliyoweza kutenganisha gofu ya na gofu la kwa silabi moja ina uwezo wa kutosha kutenganisha anayecheza na anayeumia.